Arosto Ikiisha, Usingizi Hurudi Lini?

Aliyeacha heroini miezi miwili iliyopita hapati usingizi, hana raha, na jioni hamu ya unga humsumbua. Jamaa zake humwambia, "Umerudia." Huenda hakurudia.

Arosto yenyewe, pamoja na mafua, kuhara na maumivu ya viungo, huanza muda wa saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, na kwa kawaida hutulia ndani ya siku 10. Ubongo huchelewa zaidi. Uchovu, huzuni, kukosa usingizi na hamu huweza kuja na kuondoka kwa miezi 6 au zaidi.

Aliyetumia heroini karibuni husinzia, na mboni za macho yake husinyaa mno. Methadoni nayo huzisinyaza, hivyo macho pekee hayatoshi. Kipimo cha mkojo, kikichukuliwa ndani ya siku chache, husaidia kuamua. Kiombwe kwa heshima.

Anayeshukiwa bure huweza kukata tamaa akarudia kweli, na hapo ndipo penye kifo: mwili umekwisha kupoteza uzoefu, na dozi yake ya zamani sasa huweza kuzima pumzi. Akitaja kujidhuru, afikishwe kliniki siku hiyo hiyo.