Nyumba Kabla Haijanadiwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyezijaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Msomaji anayepita katika mitaa ya Dar es Salaam, au hapa kwetu Tanga, haikosi amepata kuona ukuta ulioandikwa kwa rangi na kwa herufi kubwa: "Nyumba hii haiuzwi." Mgeni huweza kushangaa, kwani si desturi ya mtu kutangaza kitu asichokiuza. Lakini sisi wenyeji twajua maana yake. Wako watu wanaouza nyumba zisizo zao. Na wako ndugu ambao, baba akiisha kuzikwa, mmoja wao hupokea fedha kwa siri na wenziwe wakaja kusikia kwa mnunuzi. Maandishi yale ni kilio cha wenye mali.

Twaanza na ukuta ule kwa sababu leo twataka kuzungumza juu ya nyumba ya namna nyingine: nyumba ambayo kweli itauzwa, ila bado haijatangazwa. Haijaandikwa ukutani, haijaingia katika simu za madalali, wala hapana aliyeinadi. Watu wengi huitafuta nyumba ya namna hiyo, na huuliza: je, yafaa? Na ikiwa yafaa, ipatikane vipi, na mipaka yake ni ipi?

Twajibu kwamba yafaa, wala hapana lawama. Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa ametukataza kula mali zetu kwa batili, akahalalisha biashara iliyo kwa kuridhiana. Hakushurutisha kwamba kila kitu kinadiwe sokoni. Mwenye nyumba ana haki ya kumuuzia amtakaye, kwa utulivu, pasipo mlango wake kugongwa na watu ishirini kwa siku. Na mnunuzi aliyetangulia kupata habari hana dhambi kwa kutangulia.

Na habari hizo hupatikana kwa njia iliyo wazi, si kwa uchawi. Mwenye kutaka nyumba na aseme kwamba anataka. Awaambie jamaa zake, na wenziwe wa msikitini baada ya sala, na mwenye duka la mtaa, ambaye hujua nani anahama na nani ameshindwa kulipa. Amwambie fundi mwashi, kwani mwenye kuwaza kuuza aghlabu humwita fundi kwanza aikague nyumba. Amwambie mjumbe wa nyumba kumi. Kisha aitazame mitaa yenyewe kwa miguu yake: nyumba iliyofungwa madirisha tangu mwaka jana, au ya mzee ambaye wanawe wote wamehamia mji mwingine, au ya mtumishi aliyestaafu ambaye moyo wake uko shamba. Akiiona, abishe hodi kwa adabu, ajitaje jina, aseme haja yake, na kama mwenyewe hakupenda, aage aende zake. Aliyebisha hodi leo kwa heshima huenda akaitwa mwakani.

Tena jirani ana nafasi ambayo mtu wa mbali hana. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Abu Rafi', aliyekuwa huru wa Mtume (S.A.W.), alikuwa na vyumba viwili katika uwanja wa nyumba ya Saad bin Abi Waqqas. Alimtaka Saad avinunue. Saad akasema hatazidisha juu ya elfu nne, tena kwa mafungu. Abu Rafi' alikuwa amekwisha kuahidiwa dinari 500 na mwingine, nazo ziliizidi bei ya Saad. Hata hivyo alimpa Saad, akieleza kwamba asingalifanya hivyo lau hakumsikia Mtume akifundisha kuwa jirani ana haki zaidi kwa ajili ya ukaribu wake. Basi hii ni nyumba iliyouzwa pasipo mnada, kwa bei ndogo, na ni jambo la kusifiwa. Lakini tutazame vema: ni nani aliyeijua bei kubwa? Ni muuzaji mwenyewe. Aliijua, akaiacha kwa hiari yake.

Na hapa ndipo penye kisa chetu, nacho twakieleza ijapokuwa hakitupambi.

Nyuma ya chuo chetu cha Kurani pana nyumba ambayo ukuta wake na wetu ni mmoja. Watoto wetu wamekuwa wengi kuliko chumba. Wadogo hukaa ukumbini, na mvua ikinyesha kwa upepo huondoka na mbao zao. Miaka mingi tulikuwa tukiutazama ukuta ule na kusema moyoni: lau tungeutoboa mlango! Mwenye nyumba alipofariki aliacha mke, mabinti wawili na mwana mmoja. Sisi tulikuwa katika waliomwosha na kumzika. Eda ya miezi minne na siku kumi ilipokwisha, mjane alituita. Akasema wanawe wanaona nyumba ni kubwa na mabati yamechakaa, na kwamba huenda ikauzwa. Hakupata kumwambia mtu mwingine. Akasema, "Maalim, mimi sijui bei za siku hizi. Taja wewe, maana wewe ndiye uliyekuwa karibu na marehemu."

Tukataja. Na bei tuliyoitaja haikuwa bei ya nyumba. Ilikuwa ni hesabu ya fedha tulizonazo. Mama yule akaitikia papo hapo, akatuombea dua. Tukarudi nyumbani furaha imetujaa, na usiku ule tulipima kwa mawazo mahali pa kutia mlango.

Juma lile zamu ya darasa la wakubwa ilikuwa mlango wa biashara. Tukafika kwenye hadithi inayokataza kuupokea msafara wa wauzaji njiani kabla haujafika sokoni. Wanafunzi waliuliza sababu, nasi tukawaeleza kama tulivyoeleza miaka yote: kwamba anayekuja na mali yake kutoka mbali haijui bei ya mji, basi anayemwahi njiani humnunulia kwa ujinga wake. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) akampa muuzaji huyo hiari ya kuvunja biashara akifika sokoni. Tulipokuwa tukiyasema hayo ulimi ulituwia mzito. Mjane yule hakutoka mbali, alikuwa upande wa pili wa ukuta. Lakini soko alikuwa hajafika, nasi tulimwahi njiani.

Kuna habari ya Jarir bin Abdillah, sahaba aliyempa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Alinunuliwa farasi kwa 300, naye alipomwona akamwendea mwenyewe, akamwambia kwamba farasi wake ana thamani zaidi, akawa akiipandisha bei yeye mnunuzi hata ikafika 800. Habari hiyo tumeisomesha mara nyingi. Siku zile tatu tuliikimbia.

Siku ya nne tukaenda. Tukamwambia mama: "Bei tuliyokutajia usiishike. Uliza watu wawili wenye ujuzi, wasiojuana, na umwite mwanao awepo." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama tumeghairi kununua. Tukasema hatukughairi, ila hatukumtajia haki. Neno hilo lilikuwa gumu kulisema mbele ya mtu ambaye mumewe tulimswalia.

Bei za watu wale wawili zilikaribiana, nazo ziliipita yetu kwa zaidi ya nusu yake. Hatukuwa nazo. Lakini mabinti nao walipoletewa habari, mkubwa wao alisema ya kwamba yeye atanunua mafungu ya wenziwe kwa bei hiyo, kidogo kidogo, na mama asihame. Ndivyo ilivyokuwa. Mama yuko katika nyumba yake hata leo, na ukuta hatukuutoboa. Watoto wadogo bado wako ukumbini. Twapita mlangoni kwake kila alfajiri, tukamsalimu, naye huitikia.

Katika kisa hiki mna hukumu mbili ambazo twaomba kila nyumba izijue.

Ya kwanza ni kwamba mjane hakuwa na uwezo wa kutuuzia peke yake, hata kama angalipenda. Marehemu akiacha watoto, fungu la mkewe ni thumuni, yaani sehemu moja katika nane, baada ya kutolewa madeni na wasia. Sehemu saba zilizobaki zina wenyewe, na wakiwamo mayatima jambo huwa zito zaidi. Nasi tulikuwa karibu kumlipa mtu mmoja kwa mali ya watu wanne.

Ya pili ni haki ya shuf'a. Mtume (S.A.W.) alihukumu kwamba katika mali ya shirika isiyogawanywa, mshirika asiuze fungu lake mpaka amjulishe mwenzake, na akimuuzia mtu wa nje, mshirika aliyebaki aweza kulitwaa fungu hilo kwa bei ile ile. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi haki hiyo ni ya mshirika tu, na akishapata habari asikawie kuidai. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi humpa na jirani. Basi mnunuzi anayependa siri na ajue kwamba siri haiwezi kuwafichwa washirika. Nyumba yaweza kufichwa na mnada. Haifichwi na wenyewe.

Sasa twataja yampasayo mnunuzi kabla ya kutoa hata shilingi moja, kwani katika biashara ya kimya hapana umati wa kumwonya.

Na aulize mwenye mali ni nani, kisha aone hati kwa macho yake, na akaitazame katika ofisi ya Msajili wa Hati kama iko huru au imewekwa rehani. Hapa Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Basi aangalie imebaki miaka mingapi, na kama kodi ya ardhi imelipwa. Muhuri wa ofisi ya mtaa ni ushahidi mzuri wa ujirani, lakini hauhamishi hati.

Ikiwa nyumba ni ya mirathi, aulize nani amethibitishwa na mahakama kuwa msimamizi, na awaone warithi wote. Ikiwa ni ya mtu na mkewe, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja wao kuiuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe; na hata kama sheria isingesema, ni nani atakayelala kwa raha katika nyumba ambayo mama wa watu alitolewa akilia?

Aulize pia kama nyumba ni wakfu. Katika miji yetu ya pwani zimo nyumba nyingi ambazo wazee waliziweka wakfu kwa msikiti, au kwa masikini, au kwa kizazi chao. Wakfu hauuzwi, haurithiwi, wala hautolewi zawadi. Bei yake ikiwa rahisi, urahisi huo ni moto.

Kisha biashara iandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, imetuamrisha kuandika deni, na kushuhudisha tunapouziana. Maneno ya kwamba "sisi ni ndugu, hatuna haja ya karatasi" yamevunja undugu mwingi.

Na dalali tusimsahau, wala tusimdharau, kwani kazi yake ni halali na huwatoa watu jasho la kutafuta. Apatane ujira wake mapema, asipokee kwa pande mbili pasipo pande hizo kujua, na asipandishe bei kwa wanunuzi wa uongo, kwani hiyo ndiyo najshi iliyokatazwa. Na mtu akiona wenziwe wawili wamekwisha kupatana, asiingie kati kwa kuongeza bei.

Ndugu zetu Waislamu, atakaye nyumba na aitafute mapema, aulize, atembee, abishe hodi. Akijaaliwa kuwa wa kwanza kupata habari, amshukuru Mungu. Lakini kabla hajataja bei ajiulize: huyu muuzaji angekuwa na habari niliyo nayo, angeniitikia? Ikiwa jibu ni ndiyo, basi na anunue kwa baraka. Ikiwa ni siyo, na amwambie kwanza, kisha amwache achague.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba zenye wasaa na mali isiyo na dhuluma, na atusamehe siku zile tatu. Amin.