Jina la Ukoo Linaposalia: Waoshwali kutoka Uhindu hadi Ujaini

Aingiaye Uislamu husemwa amesilimu. Aingiaye Ukristo hubatizwa. Aghalabu matendo haya mawili huambatana na jina jipya. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba si kila dini hudai hivyo, na mfano wetu ni Waoshwali, jamii ya Wajaini tulio nao hapa Kenya.

Waoshwali hulinasibisha jina lao na mji wa Osian, Rajasthan. Mapokeo yao husimulia kuwa mtawa wa Kijaini, Ratnaprabhasuri, aliwaongoa mtawala na wakazi wa mji huo, wengi wakiwa Warajput walioshika ibada za Kihindu. Hata mungu wao wa kike, yasemekana, aliacha damu ya wanyama akakubali sadaka ya vitu vitamu! Hekalu lake, Sachiya Mata, hadi leo huzuriwa na Wahindu na Wajaini.

Kiini cha suala hili ni gotra, yaani ukoo wa kuumeni. Watu wa gotra moja huhesabiwa ndugu, hawaoani. Kulifuta jina la ukoo kungevuruga ndoa hata kabla ya kugusa imani. Isitoshe, Ujaini hauna ubatizo wa muumini wa kawaida. Yeye hushika nadhiri, ya kwanza ikiwa kutodhuru kiumbe. Apewaye jina jipya ni mtawa, kwa kuwa ameuacha ukoo wenyewe. Ndiyo maana Bhandari, jina litokanalo na neno la ghala au hazina, hupatikana kwa Wahindu na Wajaini vilevile, na Wabhandari wa Kijaini hawaoni haya kujinasibisha na Wachauhan wa Nadol, ambao walikuwa Warajput.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kudhani kila Shah ni Mwislamu, akilifikiria neno la Kiajemi la mfalme. Kumbe Shah ya wafanyabiashara wa Gujarat ina asili nyingine, nayo hutumiwa na Wahindu na Wajaini. Waoshwali wengi ambao wazee wao walihamia Kenya kutoka vijiji vya karibu na Jamnagar hujiandikisha kwa jina hilo, ilhali wao kwa wao hutambuana kwa koo kama vile Gudka, Dodhia na Haria. Basi mhakiki akutanaye na mhusika aitwaye Shah katika riwaya bado hajaijua dini yake wala ukoo wake. Wazee wapelekao posa hawaishii hapo. Huuliza ni Shah wa ukoo gani, na wa kijiji kipi.