Punguzo ni la Mtu, Si la Motokaa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lilisemwa zamani kwa watu wa majahazi na maduka, waliohesabu pembe na nguo na karafuu, wala hapana aliyedhani wakati ule kwamba lingekuja kumfaa mfanyakazi mwenye motokaa yake moja, aliyoinunua kwa kudunduliza mshahara wa miaka mingi. Lakini jambo lililotukia kati ya majirani wawili tunaowajua limetuonyesha kwamba neno la wahenga halizeeki.

Mmoja wao ni fundi wa mitambo, na mwenziwe ni karani. Fundi alikuwa ameikatia motokaa yake bima kubwa kwa muda wa miaka sita, na katika miaka yote hiyo hakupata kudai hata senti moja. Kila mwaka alipokwenda kulipa alipunguziwa malipo, na punguzo likaongezeka kadiri miaka ilivyopita. Siku alipotaka kuiuza motokaa hiyo alimwambia jirani yake: “Gari hili lina punguzo lake la bima, ndugu yangu. Ukilichukua utalipa karibu nusu tu.” Karani akaliona hilo kuwa jambo la faida, akaongeza shilingi laki mbili juu ya bei waliyopatana.

Karani alipokwenda kukata bima aliulizwa swali moja tu: yeye mwenyewe amekaa na bima miaka mingapi bila ya kudai? Akajibu kwamba hii ndiyo motokaa yake ya kwanza. Akaambiwa alipe malipo kamili. Naye fundi, aliyekwisha kununua motokaa nyingine, alikwenda kwa kampuni nyingine akaandikwa kuwa mteja mpya, akalipa kamili kama mtu ambaye hajapata kushika usukani. Hivyo mmoja alinunua kitu kisichouzika, na mwingine akakiacha nyuma kitu kilichokuwa haki yake. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakawa hawasalimiani.

Ndugu wasomaji, ugomvi huu haukuletwa na uovu wa mtu. Uliletwa na kutojua jibu la swali moja dogo: je, punguzo hili ni mali ya nani? Ni la motokaa, ama ni la mtu? Yafaa tulijibu swali hili kwa ukamilifu, maana wafanyakazi wenye magari wanaongezeka kila mwaka, na wengi wao hubadili gari moja kwa jingine bila ya kujua ni nini wanachokiacha.

Kwanza tuelewane juu ya bima yenyewe. Iko bima ndogo, ambayo sheria humlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, nayo kazi yake ni kuwalipa watu wengine watakaoumizwa na gari lako. Na iko bima kubwa, ambayo pamoja na kazi hiyo hulipa hasara ya gari lenyewe likigongwa, likiungua au likiibwa. Bima kubwa ni ghali, na ndiyo hasa yenye punguzo tunalolizungumza. Kampuni hukusanya fedha za watu wengi ili kuwalipa wachache waliopatwa na hasara. Madai madogo madogo, kama mkwaruzo wa mlango au taa iliyovunjika, huigharimu kampuni fedha za fundi, na pia kazi ya makarani na wakaguzi. Kwa hiyo kampuni humwambia mteja: usiponidai chochote mwaka mzima, mwaka ujao nitakupunguzia. Hapo chanda chema huvikwa pete.

Tazama basi ni nani aliyestahili pete hiyo. Motokaa haiendi polepole kwa hiari yake. Haijui kusimama mbele ya shule, wala haikatai kuendeshwa usiku na mtu aliyelewa. Mwenye kufanya hayo ni mtu. Kampuni ikikadiria hatari humtazama mtu, na mtu akiondoka katika gari moja na kuingia katika jingine huondoka na tabia yake. Kwa sababu hiyo punguzo humfuata yeye.

Nchi moja ambayo imeliandika jambo hili kwa uwazi ni India. Katika kanuni za bima ya motokaa zilizowekwa huko mwaka 2002 ilielezwa kwamba haki ya punguzo humfuata mwenye bima wa awali, wala haifuati gari wala hati. Ngazi zake ziliwekwa hivi: baada ya mwaka mmoja bila ya kudai, punguzo ni asilimia 20, baada ya miaka miwili, 25, mitatu, 35, minne, 45, na baada ya miaka mitano mfululizo ni asilimia 50. Punguzo hilo hukatwa katika ile sehemu ya malipo inayohusu hasara ya gari lenyewe. Sehemu inayowalinda watu wengine haiguswi. Tangu mwaka 2007 makampuni ya huko yamepewa uhuru wa kupanga bei ya sehemu hiyo ya hasara, lakini ngazi hizo zimeendelea kutumika.

Kanuni hizo zimetazama mambo mengi ya maisha. Mtu akiuza gari na kununua jingine la namna ileile, hulihamishia punguzo lake. Akiuza na asinunue jingine kwa wakati huo, huweza kupewa barua ya kushuhudia haki yake, nayo humfaa kwa muda wa miaka mitatu. Lakini yule mwenye gari aliyezembea tu, akaiacha bima yake iishe na kupita siku 90 bila ya kuikata upya, hupoteza punguzo lote. Anayenunua gari la mwingine hapati punguzo la muuzaji. Hupewa lile analostahili yeye mwenyewe. Mwenye bima akifariki dunia, mjane wake, watoto wake au wazazi wake waliorithi gari huweza kurithi na punguzo.

Liko na fungu lililowakumbuka wafanyakazi. Ikiwa gari ni la shirika, lakini alikabidhiwa mfanyakazi mmoja akaliendesha yeye peke yake, kisha shirika likamuuzia gari hilo, punguzo lililopatikana katika muda huo laweza kuwa lake, mradi mwajiri aandike barua ya kuthibitisha hivyo. Hii ni haki kabisa. Uangalifu ulikuwa wa mfanyakazi, na hapana sababu ya matunda yake kubaki kwa mwingine.

Tugeukie Japani, ambako zimetoka nyingi kati ya motokaa zilizotumika zinazoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Huko wenye magari yao binafsi hupangwa katika ngazi 20. Mgeni huanza katika ngazi ya 6. Kila mwaka asiodai hupanda ngazi moja, na ajali anayoidai kwa kawaida humteremsha ngazi tatu. Aliyefika ngazi ya 20 bila ya ajali hupunguziwa asilimia 63. Akibadili gari huiarifu kampuni yake, na ngazi yake huhamia katika gari jipya. Naye anayeacha kuendesha kwa muda huweza kuomba cheti cha kuihifadhi ngazi yake hadi miaka 10. Basi fikiri juu ya ile motokaa unayoiona ikishuka melini. Huenda mwenye nayo wa kwanza alipanda nayo ngazi mpaka ya mwisho. Motokaa imevuka bahari, imefika kwako na redio yake na viti vyake. Lakini ile ngazi haikupakiwa. Imebaki Japani pamoja na yule aliyeipanda.

Uingereza nako desturi ni hiyohiyo, ingawa kila kampuni hupanga kiasi chake. Huko punguzo lisilotumiwa kwa kawaida huchukuliwa kuwa limekufa baada ya miaka miwili, na kwa kawaida punguzo moja hutumika kwa gari moja tu kwa wakati mmoja. Mwenye magari mawili asidhani kwamba miaka yake mitano yaweza kuhesabiwa huku na huku.

Liko neno jingine ambalo wengi hulikosea. Punguzo hili ni la kutodai, si la kutokosa. Waweza kugongwa ukiwa umesimama, na kosa lisiwe lako hata chembe. Lakini kampuni yako ikikulipa, na isiweze kuzirudisha fedha hizo kutoka kwa aliyekukosea, punguzo lako laweza kuondoka. Ndiyo maana yapasa mtu apige hesabu kabla ya kudai.

Na tuipige hesabu hiyo kwa ngazi za India. Chukua mtu aliyefika asilimia 50, ambaye malipo yake kamili kwa hasara ya gari ni rupia 20,000 kwa mwaka. Naye hulipa 10,000. Bampa yake imepondwa, na fundi ataka rupia 4,000. Akidai, hurudi chini kabisa. Mwaka wa kwanza hupoteza punguzo lote, yaani rupia 10,000. Mwaka wa pili, akiwa na asilimia 20, hupungukiwa na 6,000. Wa tatu 5,000. Wa nne 3,000. Na wa tano 1,000. Ikiwa malipo kamili hayabadiliki, jumla ni rupia 25,000. Amelipwa 4,000 akatoa 25,000! Lakini gari likiibwa au likipinduka likaharibika kabisa, mtu asione haya kudai, maana kwa siku kama hiyo ndipo bima ilipokatwa.

Hapa Tanzania historia yetu yenyewe yatufundisha kwa nini daftari la mtu binafsi limekuwa na maana zaidi. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likakabidhiwa biashara yote ya bima. Wakati huo mwenye gari alibadili gari tu; mwenye bima wake hakubadilika. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa makampuni ya watu binafsi, na sheria ya mwaka 2009 ikaweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Siku hizi mtu aweza kuhama kampuni moja kwenda nyingine apendavyo. Uhuru huo ni mwema, lakini una sharti lake: unapohama, kumbukumbu zako za miaka mingi hazikufuati kwa miguu yao. Sharti uzichukue wewe.

Basi mwenye kutaka kubadili motokaa afanye nini? Kabla ya kuuza, aisome hati yake ya bima na kumwuliza wakala sharti la punguzo katika kampuni ile, kwa kuwa kila mkataba una maneno yake. Akiuza, aiarifu kampuni mara moja, wala asiiache bima ikae katika jina lake na gari liko kwa mwingine. Aombe barua yenye jina lake, namba ya gari, tarehe za bima, idadi ya miaka aliyokaa bila ya kudai, na kiasi cha punguzo alichokifikia. Asiridhike na ahadi ya mdomo. Barua hiyo aiweke pamoja na hati za nyumba na vyeti vya watoto, na akienda kukata bima ya gari jipya, aitoe kabla ya kulipa.

Wala mtu asidanganye. Wako wanaojiandikia miaka wasiyokuwa nayo, wakidhani karani hatajua. Kwa kanuni zile za India, kampuni mpya yapaswa kuiuliza ya zamani. Na ikidhihirika kwamba mteja alisema uongo, hupoteza haki ya kulipwa hasara ya gari lake. Mtu huyo atakuwa ameokoa fedha kidogo siku ya kulipa, akapoteza gari zima siku ya msiba. Nasi twasema kwamba asemaye uongo katika fungu la pamoja huwaibia wenzake, maana fedha zinazokaa humo ni za wote.

Tumalize kwa wale majirani wawili. Fundi alishauriwa kurudi kwa kampuni yake ya zamani na risiti zake, ambazo kwa bahati njema mkewe alikuwa amezihifadhi katika kopo la chai. Miaka yake ikaonekana, barua ikaandikwa, na kampuni ya pili ikakubali kumhesabia punguzo lake mwaka uliofuata. Jioni ileile alibisha hodi kwa karani, akamrudishia laki mbili zake na kumwambia: “Nilikuuzia kisichouzika. Nisamehe.” Karani akamkaribisha chai. Naye sasa anaihesabu miaka yake mwenyewe. Amekwisha kupata mmoja, na barua yake ameiweka.