USINUNUE GARI LA KUVUTA TELA KABLA HUJASOMA HII



Wengi mmekuwa mkiuliza: "Ni wakati gani muuzaji wa mtandaoni anunue gari lake la mzigo?" Leo nakujibu kwa yaliyonikuta mimi mwenyewe, pamoja na hasara niliyoipata. Soma taratibu, na kama unapanga kununua, chukua kalamu.

Mimi nauza mashine za kuchanganyia zege, za kufyatulia tofali na jenereta. Duka langu ni simu. Napiga picha, naweka Instagram na status ya WhatsApp, mteja analipa nusu, namalizia nikishafikisha mzigo. Niko Dar, ila wateja wangu wengi wako Morogoro, Dodoma na Iringa, kule watu wanakojenga.

Tatizo lilikuwa usafiri. Mashine ya zege huwezi kuitupia kwenye buti la basi kama begi la nguo. Nilikuwa nakodi gari, na kila safari faida inabaki kwa mwenye gari. Mbaya zaidi, dereva anakuambia "nimeshatoka bosi" kumbe bado yuko Kariakoo anasubiri mzigo wa mtu mwingine. Mteja anakupigia mara kumi na lawama zote zinakuja kwako.

Nikaamua kununua. Nilipata Land Cruiser pikapu ya zamani, yenye injini ya 1HZ. Kama huijui, ni dizeli ya silinda 6, cc 4,164, haina turbo. Haina mbio, lakini ni injini ambayo mafundi wengi wa mikoani wanaijua. Nusu ya hela ilikuwa akiba, nusu mkopo wa SACCOS. Baadaye nikachomelewa tela la matairi mawili. Siku ya kwanza nimelifunga nyuma ya gari nilijiona tajiri.

Hapo ndipo makosa yalipoanza.

KOSA LA KWANZA: NILIULIZA GARI LINAVUTA KIASI GANI, SIKUULIZA LINASIMAMISHA KIASI GANI

Kila mtu aliniambia "Cruiser hiyo, inavuta hata nyumba." Ni kweli ina nguvu. Ila sikiliza namba hizi. Pikapu hizi za Land Cruiser 79 zinazouzwa Australia, Toyota wenyewe wanataja uzito wa kuvuta kilo 3,500 kama tela lina breki zake. Kama tela halina breki, ni kilo 750 tu. Gari ni lile lile na injini ni ile ile. Tofauti ni breki za tela.

Na huo uzito ni wa tela lenyewe pamoja na mzigo. Tela tupu la chuma kizito linaweza kula nusu ya hizo 750 kabla hujapakia hata mfuko mmoja wa saruji.

Tela langu halikuwa na breki. Mchomeleaji aliniuliza, "Mzee, tuweke breki?" Nikamwambia aache kwanza, nitaweka nikipata hela. Mwenzangu, usiseme hivyo hata siku moja.

SIKU YA KITONGA

Nilikuwa nimepeleka mashine mbili Iringa. Mzigo ukashuka salama, mteja akamalizia hela yake, tela likawa tupu. Mtu wa mbao Mafinga akanipigia: "Kaka, una nafasi ya kurudi Dar? Nina mbao, nakupa laki sita." Kibali cha kusafirishia mbao anacho.

Laki sita ya kurudia! Gari lenyewe lilikuwa linarudi tupu. Sikufikiri mara mbili.

Tukapakia. Mbao zilikuwa bado mbichi kidogo, maana yake zina maji, maana yake ni nzito. Ilikuwa kama tani mbili kwa kukadiria, kwa sababu hatukupima. Zilikuwa ndefu kuliko tela, zikaning'inia nyuma, na uzito mwingi ukakaa nyuma ya matairi. Nilikuwa na mdogo wangu, tumbo moja, ndiye utingo wangu.

Tulipoipita Iringa, tela likaanza kuyumba. Linakwenda kushoto, kulia, kushoto, na gari nalo linafuata. Nikapunguza mwendo likatulia. Nikajiambia ni upepo.

Halafu tukafika Kitonga. Anayeijua barabara hiyo anajua ule mteremko: kona juu ya kona, malori mbele, malori nyuma, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde. Nilianza kushuka na gia ya tatu, mguu kwenye breki. Baada ya kona kadhaa nikasikia harufu ya kuungua. Nikakanyaga tena, pedali ikaenda chini laini kama nakanyaga sifongo.

Mdogo wangu akanitazama. Hakusema kitu, ila mkono wake ulikuwa umeshika kitasa cha mlango.

Nikalazimisha gia ya pili. Injini ikapiga kelele na gari likapunguza mwendo. Nikavuta handibreki kidogo kidogo, na kwa rehema za Mungu tukafika sehemu yenye nafasi pembeni, nikaingiza, likasimama. Moshi ulikuwa unatoka kwenye matairi. Nilikaa kwenye usukani mikono inatetemeka, dogo akashuka akachukua begi lake.

"Kaka, mimi narudi kwa basi."

Na kweli alirudi kwa basi. Usiku mama akanipigia: "Mdogo wako kafika. Wewe je?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Sasa hesabu. Nililipa Fuso laki tano kuja kuzichukua zile mbao. Breki, mafuta ya breki na fundi vikala 340,000. Kwenye ile laki sita nikapata hasara ya 240,000, bado siku mbili njiani na mteja mwingine aliyechoka kunisubiri. Hapo hakuna aliyeumia. Angeumia mtu, nisingekuwa naandika hapa.

VITU VYA KUFUNGA KABLA YA SAFARI YA KWANZA

Baada ya hapo nililiegesha gari mpaka nilipolitengeneza vizuri. Hivi ndivyo nilivyofanya, kwa mpangilio wa umuhimu:

1. Breki za tela. Kuna zinazofanya kazi kwa msukumo: ukifunga breki, tela linasukuma mbele, na ule msukumo unavuta breki zake lenyewe. Funga pia waya wa dharura, ule unaokamata breki za tela likichomoka.

2. Chuma cha kuvutia. Kifungwe kwa bolti kwenye chesesi, kisichomelewe kwenye bampa. Bampa ni bati, itang'oka. Na kichwa cha mviringo kilingane na kikombe cha tela. Kikombe cha milimita 50 kinataka kichwa cha milimita 50, siyo "kinaingia ingia".

3. Minyororo miwili ya usalama, imekatishwa kama herufi X chini ya shingo ya tela. Shingo ikichomoka, inadakwa na minyororo badala ya kuchimba lami.

4. Taa. Tela liwe na taa za breki, indiketa na za usiku, zinazounganishwa na plagi ya gari. Ongeza na stika za kung'aa pembeni na nyuma.

5. Matairi. Kama inawezekana, tela litumie saizi moja ya tairi na rimu kama za gari. Hapo spea tairi moja inaokoa vyote viwili.

6. Beringi za tela. Zipakwe grisi. Kila ukisimama njiani, sogeza mkono karibu na kikombe cha tairi. Likiwa la moto kuliko mwenzake, usiendelee.

7. Springi na vioo. Gari likiinama nyuma na kuinua pua, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika macho ya wanaokuja. Vioo vya pembeni viwe vipana, uone mpaka mwisho wa tela.

8. Sanduku la dharura: jeki inayobeba uzito wako, kabari za kuzuia matairi, pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto, mikanda ya kukazia mzigo, kamba imara na maji ya rejeta.

Winchi? Nzuri, lakini ni ya mwisho. Watu wengi wananunua winchi na taa za juu ya paa ili gari lipendeze kwenye picha, halafu tela halina breki. Na wewe unajua sisi wa mtandaoni tunavyopenda picha!

JINSI YA KUPAKIA NA KUENDESHA

Uzito mkubwa ukae mbele kidogo ya matairi ya tela. Kipimo chepesi ni asilimia 60 mbele, 40 nyuma. Shingo ya tela ilalie gari kwa karibu asilimia 10 ya uzito wote. Tela lenye kilo 1,000, shingo ibebe kama kilo 100. Uzito ukikaa nyuma tela litayumba, hata uwe dereva wa namna gani.

Likianza kuyumba usifunge breki kwa nguvu na usikimbizane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, liache lipungue lenyewe. Kisha simama upange mzigo upya. Usijiambie ni upepo.

Kwenye mteremko, shuka na gia ile ambayo ungepandia. Ingiza gia kabla ya kuanza kushuka, siyo katikati. Na usitoe gia ili uokoe mafuta, utaokoa lita moja upoteze gari.

Na wauza mashine wenzangu: ile mashine ya zege ina matairi, ila ni ya kusogezea saiti. Usiifunge nyuma ya gari ukaivuta barabara kuu. Ipandishe kwenye tela.

KARATASI

Tela lina usajili wake na namba yake, siyo kopi ya namba ya gari. Muulize mtu wa bima, kwa maandishi, kama bima ya gari inafika mpaka kwenye tela. Ukitaka kubeba mizigo ya watu kwa malipo, pita LATRA kwanza ujue leseni inayokuhusu. Na kabla ya barabara ndefu, pima uzito. Mzigo wa kukadiria kwa macho ndio ulionifikisha Kitonga.

SASA, UNUNUE AU USINUNUE?

Piga hesabu hivi. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, kwenda na kurudi 1,000. Gari langu likivuta linakwenda kama kilomita 6 kwa lita, hivyo ni karibu lita 167. Zidisha kwa bei ya dizeli ya mwezi huo, maana EWURA hutangaza bei mpya kila mwezi. Ongeza matairi, oili, breki, dereva, na rejesho la mkopo. Hiyo ndiyo gharama yako halisi. Linganisha na bei ya kukodi.

Mimi nilipopiga hesabu vizuri niligundua nahitaji safari 6 kwa mwezi ili gari lijilipe. Nilikuwa na 3. Ndiyo maana laki sita ya mbao ilinitoa akili: rejesho lilikuwa linanikaba. Gari lisilo na mzigo wa kutosha ndilo linalokulazimisha kubeba mzigo usiofaa.

Kwa hiyo kama safari zako hazijatosha, endelea kukodi, hakuna aibu. Tafuta dereva mmoja mwaminifu mpeane mkataba. Safari zikitosha, nunua, lakini tenga hela ya breki za tela ndani ya bei ya kununulia, siyo "nikipata".

Leo tunapeleka mizigo kwa wakati, na tela lina breki. Mdogo wangu alirudi kazini baada ya miezi miwili. Kabla ya kila safari anazunguka gari, anapiga teke tairi, anavuta mnyororo, anakagua taa. Akisema "kaka, hapana", hatutoki, hata mteja apige simu mara ishirini.

Mteja akichelewa kupata mashine atanuna siku mbili. Mama yangu ana watoto wawili tu.

Mtumie mwenzako anayetaka kununua gari mwezi huu.