Kinachopita Kati ya Pete na Pete

Siku hizi ni vigumu kusikiliza hotuba ya bajeti, semina ya wakulima au taarifa ya wizara ya afya bila kukutana na mnyororo. Upo mnyororo wa thamani wa alizeti, mnyororo wa ugavi wa dawa, mnyororo baridi wa chanjo, mnyororo wa chakula ziwani na mnyororo wa maambukizi. Karibu kila mara huja na ushauri uleule: itafuteni pete dhaifu, iimarisheni, na mnyororo wote utakuwa salama. Ushauri huo ni sahihi mahali pachache na unapotosha mahali pengi. Minyororo hii haina tabia moja. Tofauti yake haitokani na ubora wa pete moja moja, inatokana na yale yanayokipata kitu kinachopita kutoka pete hii kwenda ile. Huenda kikafika kama kilivyotoka, kikapungua, kikaongezeka, au kikashikiliwa na mtu aliyekaa kwenye ungio. Asiyeuliza hilo kwanza anaweza kutumia fedha nyingi kutengeneza pete ambayo haikuwa na kasoro.

Tuanze na mnyororo wenyewe wa chuma. Meli ikivuta mnyororo wa nanga, kila pete hubeba mzigo mzima. Hakuna inayobeba nusu. Kwa hiyo ikikatika moja, kazi ya zote imekwisha, na hapo kauli ya pete dhaifu ni kweli tupu. Samuel Brown, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyewashawishi wenye meli kuacha kamba na kutumia minyororo mwanzoni mwa karne ya 19, alijenga pia mashine ya kuivuta minyororo hiyo kabla haijakwenda baharini, maana ufa ndani ya chuma hauonekani kwa macho. Cheni ya baiskeli, iliyopewa umbo lake la leo na Hans Renold mjini Manchester mwaka 1880, huchakaa kwa namna nyingine kabisa. Fundi atakuambia cheni imevutika, lakini ukipima vipande vyake vya chuma utakuta havijarefuka. Kilicholika ni pini ndani ya maungio. Kila ungio limelika kiasi kisichoonekana, na kwa kuwa maungio yanazidi 100, ulaji huo mdogo hujumlishwa hadi cheni ikaanza kuruka meno ya spoketi. Hapo hutaipata pete dhaifu hata ukitafuta kutwa nzima. Zote ni nzima, na cheni imekufa.

Wanabiolojia nao walipoazima picha ya mnyororo, walikuta kitu cha kushangaza zaidi: mnyororo mmoja unaweza kupunguza kitu kimoja huku ukiongeza kingine. Raymond Lindeman, mtafiti kijana wa Marekani, alichunguza ziwa dogo la Cedar Bog huko Minnesota, na makala yake, iliyotoka mwaka 1942 miezi michache baada ya kifo chake, ilifuata nishati kutoka mmea hadi mnyama na kutoka mnyama hadi mnyama. Nyingi hupotea njiani, kwa joto, kwa mwendo, kwa kuishi tu. Kwa makadirio ya jumla, takriban asilimia 10 ndiyo inayofika hatua inayofuata. Ndiyo sababu wawindaji wa juu kabisa, wa majini na wa nchi kavu, huwa wachache, na ndiyo sababu minyororo ya chakula mara nyingi haizidi hatua nne au tano. Lakini zebaki haifuati hesabu hiyo. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga baharini maji taka yenye zebaki kwa miaka mingi, na mwaka 1956 ugonjwa wa neva ulioanza kuwaangusha wavuvi, watoto wao na hata paka wao ukatambuliwa rasmi. Mwili huchoma nishati ya chakula, ila zebaki ya aina ile hauwezi kuitoa upesi. Samaki mkubwa hubaki na mzigo wa wadogo wote aliowala, na mlaji wa samaki hubaki na mzigo wa samaki wote. Kwa hiyo zebaki wanayotumia wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita kukamatia dhahabu haiishii kuwa suala la afya ya mchimbaji peke yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na jina la mkataba huo limetoka mahali pale pa Japani.

Kuna minyororo mingine ambayo kuongezeka ndiyo kazi yake. Kiini cha urani 235 kikipasuka hutoa nyutroni mbili au tatu, na kila moja inaweza kupasua kiini kingine. Mwanafizikia Leo Szilard aliwaza mnyororo wa nyutroni wa namna hiyo akiwa London mwaka 1933. Tarehe 2 Desemba 1942, Enrico Fermi na wenzake waliwasha mmenyuko huo mjini Chicago na kuuzima walipotaka. Siri yote ilikuwa wastani mmoja. Kama katika nyutroni za kila mpasuko inayosababisha mpasuko mwingine ni chini ya moja, mmenyuko hufifia. Ikiwa ni moja kamili, hutulia. Ikizidi, hukua. Sehemu kubwa ya urani ya mradi uliozaa bomu la kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na Wakongo ambao hawakuambiwa kitu. Hesabu hiyohiyo huongoza maradhi. Mgonjwa mmoja wa surua, mahali ambapo hakuna mwenye kinga, hukadiriwa kuambukiza watu 12 hadi 18, ndiyo maana chanjo yake inatakiwa ifikie takriban asilimia 95 ya watoto. Ndui haikuwa na kasi hiyo, na jambo hilo liliwasaidia wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kuishinda: badala ya kumchanja kila mtu, walimtafuta kila mgonjwa na kuwachanja waliomzunguka. Walikata maungio. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977.

Hapa muuguzi yeyote wa kliniki ya mama na mtoto ana haki ya kunipinga. Mnyororo baridi, atasema, ni ushahidi wa pete dhaifu: chanjo husafiri kutoka bohari kuu hadi mkoani, wilayani na zahanati katika nyuzi joto 2 hadi 8, na friji moja ikizima, kazi ya wote waliotangulia imepotea. Hoja hii ina uzito, lakini angalia yanayotokea ndani ya kichupa. Chanjo ya Penta ikiganda mara moja tu imeharibika, na hapo pete moja kweli imeua mnyororo. Joto ni jambo jingine. Joto hula nguvu ya chanjo kidogo kidogo, nusu saa uwanjani, saa moja kwenye gari, alasiri moja umeme ulipokatika, na huenda hakuna hata mmoja kati ya waliohusika aliyekosea sana. Ndiyo sababu ya kile kibandiko kidogo kilichoanza kuwekwa kwenye vichupa vya chanjo ya polio mwaka 1996, chenye mraba ndani ya duara, ambao hukolea rangi kadiri joto linavyojumlishwa tangu kiwandani. Kibandiko hicho hakimtafuti mkosaji. Kinabeba kumbukumbu kutoka ungio hadi ungio, ili mhudumu wa mwisho, ambaye hakuona safari ya chanjo, aweze kuisoma. Nadhani ni moja ya vitu vya werevu mkubwa kuwahi kubuniwa katika afya ya jamii, na kipo pale kwa sababu mtu aliuliza nini kinapita.

Biashara nayo ililazimika kuuliza swali hilo. Jay Forrester wa chuo cha MIT alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 jinsi agizo linavyobadilika likipanda kutoka dukani kwenda kiwandani. Mwenye duka anaona sabuni imeuzwa kidogo zaidi wiki hii, anaagiza zaidi kidogo kwa tahadhari. Msambazaji, asiyeona wateja bali maagizo tu, anaongeza tahadhari yake. Wakala wa jumla naye vilevile. Agizo likifika kiwandani, ongezeko dogo limekuwa wimbi kubwa, mashine zinafanyishwa kazi usiku, na miezi michache baadaye maghala yamejaa na wafanyakazi wanapunguzwa. Kampuni ya Procter & Gamble ilikutana na hali hii kwenye nepi za watoto: idadi ya watoto haikuyumba, ila maagizo yaliyumba vikali. Katika mnyororo wa namna hii kila mtu amefanya jambo la busara kwa kadiri ya anachokiona. Ukimfukuza meneja yeyote, wimbi litarudi pamoja na mrithi wake. Dawa ni kumwezesha mwenye kiwanda kuona mauzo ya dukani yenyewe.

Lipo pingamizi jingine: kwamba mnyororo katika mambo haya ni sitiari tu, na watu wazima hawapaswi kugombania sitiari. Ningekubali kama sitiari isingegawa fedha. Mtaalamu wa biashara Michael Porter alipoandika kuhusu mnyororo wa thamani mwaka 1985, alizungumzia hasa shughuli zilizo ndani ya kampuni moja. Leo jina hilo limepewa safari nzima ya zao, na pete inayoitwa dhaifu ni karibu daima mkulima. Yeye ndiye anayepewa semina na mbegu bora, na ndiye anayehimizwa kubadili mtazamo. Mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi amefanya alichoambiwa. Anapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, amepanda mikorosho mipya, na katika msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000. Pete hiyo imeimarika sana. Hata hivyo sehemu kubwa ya korosho bado inasafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko. Na kijijini, miezi kabla ya mnada, mkulima mwenye ada ya shule au mgonjwa nyumbani bado humwuzia mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya kutupa. Huyo si mkulima dhaifu. Anachokosa ni fedha ya kumvusha kutoka mavuno hadi malipo, na kangomba imekaa hasa kwenye pengo hilo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara mwaka 2007, ulifanikiwa pale ulipolenga ungio hilo, kwa kuweka korosho za wengi kwenye ghala moja na kuziuza kwa mnada wa wazi kupitia vyama vya msingi. Na umelalamikiwa zaidi pale malipo yalipochelewa, kwa sababu kila wiki ya kuchelewa huifungulia kangomba mlango.

Watetezi wa viwanda watasema jibu ni kubangua nyumbani. Natamani iwe hivyo, lakini tumeshajaribu kwa kuongeza pete tu. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilijenga viwanda vya kubangua korosho kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Wakati huohuo mavuno, yaliyokuwa yamefika takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, yalianza kuanguka, hadi yakawa chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Wakulima walihamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa duni, na ubwiriunga ukaingia. Mashine zilikuwepo, korosho hazikufika. Na mwaka 2018, wanunuzi walipotoa bei iliyokataliwa mnadani, serikali iliagiza korosho yote inunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaenda kuibeba. Kubeba hakukuwa tatizo. Mnunuzi wa nje hakuwa na haraka, na korosho iliyokaa ghalani haiongezeki ubora.

Wengine watauliza kama aliye chini anaweza kweli kushika ungio lolote. Kongo inatupa jibu lisilokamilika. Nchi hiyo huchimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, sehemu kubwa ikitoka maeneo ya Kolwezi na Likasi ambako Kiswahili ndicho lugha ya mgodini na sokoni, na usafishaji wake mwingi hufanyika China kabla ya kuingia kwenye betri. Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha mauzo ya nje ya kobalti, na Oktoba mwaka huo ikaweka mgawo badala ya katazo. Bei, iliyokuwa imezama, ilipanda sana. Ungio la mpakani limeshikwa. Lakini mchimbaji wa mikono huuza gunia lake mbali sana na mpaka, kwenye bohari ambako mizani ni ya mnunuzi, mashine ya kupima kiwango cha madini ni ya mnunuzi, na bei ya siku imeandikwa na mnunuzi kwenye ubao. Mwaka 2019 serikali iliunda kampuni ya umma, EGC, ili iwe mnunuzi pekee wa kobalti ya wachimbaji hao. Kazi yake inapaswa kupimwa pale bohari, kwa kuangalia kama mchimbaji anaweza kupimiwa gunia lake na mtu asiyelinunua.