Unataka kulima tikiti Pwani? Chunga majani kwanza

Hesabu ya tikiti mtandaoni huwa tamu kuliko tikiti lenyewe. Ukiacha mita mbili kati ya mistari na mita moja kati ya miche, ekari moja inabeba miche kama 2,000. Kila mche tunda moja au mawili, na kwa siku 80 hadi 90 uko sokoni. Nani hataki? Ndiyo maana vijana wa mjini wanachanga, wanakodi shamba Kilifi au Kwale, wanamwachia kibarua, kisha wanasubiri simu ilie.

Hapo ndipo pesa hupotea. Pwani ina joto mwaka mzima, na tikiti hupenda joto. Shida ni unyevu wa hewa. Kule Makueni au Kajiado hewa ni kavu, umande hukauka upesi. Pwani majani hukaa na maji kwa saa nyingi, na kuvu hunawiri hapo. Utaona madoa ya kahawia. Ukizembea, majani yanakauka na kuacha matunda wazi juani. Sukari ya tunda hutengenezwa na majani, kwa hivyo yakifa mapema utavuna tikiti chapwa. Na usidanganyike, tikiti likishachumwa halizidi kuwa tamu.

Basi anza na kalenda. Mvua ndefu za Pwani hupiga sana Aprili hadi Juni, Mei ikiongoza. Ukipanda mapema Desemba, matunda yataiva Februari au Machi, wakati wa ukavu. Wengi pia hulenga soko la futari, lakini Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka. Piga hesabu upya kila msimu.

Pili, mwagilia chini kwenye shina, si juu ya majani. Mipira ya matone husaidia sana. Usibananishe miche, upepo upite. Tandaza nyasi kavu ili tunda lisilale kwenye tope.

Kabla ya kulipa kodi, muulize mwenye shamba alipanda nini misimu iliyopita. Kama ni tikiti, tango au boga, tafuta kwingine. Ugonjwa wa mnyauko hukaa udongoni kwa miaka.

Tatu, heshimu nyuki. Mche mmoja una maua ya kiume na ya kike, na bila nyuki kubeba chavua hakuna tunda, au unapata lililopinda. Ua hufunguka asubuhi moja tu. Kwa hivyo dawa ipigwe jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Soma pia lebo: siku za kusubiri kabla ya kuvuna si mapambo, kuna mtu atakula hilo tunda.

Utajuaje limeiva? Kikamba kilicho karibu na kikonyo cha tunda hukauka, na sehemu iliyolalia ardhi hugeuka kutoka nyeupe kuwa njano.

Kama ni mara ya kwanza, robo ekari inatosha. Halafu jiulizeni swali moja kabla ya kutuma pesa: nani atakagua majani kila baada ya siku mbili? Kama jibu ni "tutapigiwa simu", hizo pesa ziacheni kwenye chama.