Pleti Mpya, Ugonjwa Ule Ule

Ka uko na Boxer ya kitambo, ile imebeba mshikaki na magunia ya waru miaka kibao, hii stori unaijua. Uko na kastoma, mlima wa Banana umeanza, unafungua mafuta. Injini inapiga nduru, spidi haisongi. Klachi inateleza. Kwa base kila msee ni daktari: "Buda, badilisha pleti tu." Unashuka Kirinyaga Road, ganji inatoka, fundi anafunga. Siku kadhaa hivi, nduru imerudi.

Hapo ndio wasee hurudi kulaumu spea feki. Feki ziko, sikatai. Lakini mara mingi hakuna mtu aliuliza nini iliua zile pleti za kwanza.

Anza na kebo, ju kuicheki ni bure. Finya mkono wa klachi polepole. Kabla uskie uzito, ncha yake inafaa icheze kedo milimita 10 hadi 20. Ka haichezi, kebo inavuta klachi saa zote, springi hazifinyi pleti vile inafaa, na unachoma mali bila kujua. Alafu pleti zikiisha, hiyo plei huzidi kupungua, so kebo uliyoset mwaka jana si ya leo. Na ka kebo imeshika kutu, unaachilia mkono lakini yenyewe hairudi yote. Kwanza wale wa kuride vidole vikiwa vimelala kwa klachi, ama kushikilia nduthi mlimani na klachi nusu kwa jam. Si kuna breki, bana?

Mchawi mwenyewe ni oili. Klachi ya nduthi huogelea kwa oili ile ile ya injini, lakini kwa ndai ya manual kawaida hukaa kavu. Sasa oili mob za ndai, hasa zile nyepesi za kusevu mafuta, ziko na dawa ya kupunguza msuguano. Ndai inashukuru, pleti zako zinakunywa hiyo dawa na hazishiki tena. Geuza chupa usome: unataka JASO MA ama MA2. Ukiona MB wacha, hiyo ni ya skuta, zenye klachi haiguzi oili. Ile ya kupimiwa kwa mtungi, haina jina wala mama, mimi siitaki hata ya kupewa. Inanishangaza vile msee atapata doh ya spika, stika na taa za rangi, alafu kwa oili ndio anajifanya amesota.

Ka kebo na oili ziko sawa, sasa fungua kava. Fundi akifungua, usiende chai. Simamisha springi moja ya zamani kando ya mpya; ka imekuwa fupi, zote zitoke. Alafu dai kuona zile pleti za chuma, ju hapa ndio wengi huchezwa: fundi anabadilisha zile za msuguano tu, chuma anarudisha vile zilikuwa. Laza moja juu ya kioo. Ikibembea, imepinda. Ka imegeuka blue, imechomeka. Ukiweka pleti mpya kati ya chuma ka hizo, zitaenda njia ile ile. Na zile mpya zilowe kwa oili safi kabla zifungwe, zisianze kazi kavu.

Kabla ya hayo yote lakini, tafuta lami tambarare, weka gia ya juu, enda mwendo wa kawaida, alafu fungua mafuta ghafla. Resi ikipanda laini na spidi ibaki nyuma, ni klachi. Ukiskia kak-kak-kak na mtetemo kwa miguu, cheni inaruka meno ya sproketi, na hizo pleti zako hazina kesi.